Nilijua Kabla Kichwa Chako Hakijauma

Eliamani,

Sikuulizi hali, maana hutajibu, na hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kujibu. Nakuandikia kwa sababu mwanao Tumaini amenibana mpaka nimesema jambo nililokusudia kufa nalo.

Kwanza habari. Mvua imenyesha vizuri. Kahawa yako imezaa kuliko yangu, najitahidi nisikasirike. Mchungaji mpya anahubiri kirefu, mimi nasinzia kwa niaba yetu wote wawili.

Sasa Tumaini. Badala ya kurithi shamba la maana amerithi kipandauso chako. Vilevile kabisa: upande mmoja wa kichwa, mwanga unamchoma, anatapika, anashinda gizani kama ndizi zilizofukiwa ziive. Hayo tulishayazoea. Lakini mwezi uliopita aliletewa vitambaa vya sare za kwaya, pale anaposhonea Usa River, akakata mikono yote ya kushoto. Yote, Eliamani! Kwaya nzima ya mkono mmoja. Kesho yake kichwa kikampiga. Mimi nilicheka, kisha nikaona mwenzangu hacheki. Akasema, "Baba mdogo, akili zinaniacha. Naiuza cherehani."

Nikamwambia aende hospitali kwanza, cherehani haina miguu. Daktari akamwambia akili zake ziko salama. Kumbe ugonjwa huu hauanzi na maumivu. Saa nyingi kabla, kwa wengine hata siku nzima, sehemu za ubongo zinaanza kubadilisha namna ya kuwasiliana, na mojawapo ni ile ya ndani kabisa inayosimamia usingizi, njaa na kiu. Ndiyo maana mtu anapiga miayo, anatamani vitu, ananuna, anakosea kazi anayoijua, na kichwa bado hakijauma. Wataalamu wenyewe bado wanachunguza. Mimi wa darasa la nne nimeelewa kwa mfereji wetu: mtu wa juu akigeuza maji asubuhi, wa chini anakuja kuishangaa migomba yake mchana.

Basi daktari akamtuma atafute dalili zake za mapema. Mwenyewe hazioni. Hata wewe hukuziona zako. Mkeo anakumbuka kitanda na beseni tu. Akaja kwangu, akakaa, akauliza, "Baba alikuwaje siku moja kabla?"

Nikamwagizia chai asiyoitaka. Maana mimi nilikuwa najua.

Ile drafti, ndugu yangu. Wote pale kijiweni waliniita Bingwa, nawe ulikuwa na akili kuliko mimi. Siku za kawaida ulinila kete mpaka aibu. Lakini kulikuwa na siku ulikuja ukipiga miayo kama mbwa aliyelala juani, unaomba chumvi zaidi kwenye ndizi ya kuchoma, unasugua shingo, unagombana na kuku. Nikikuona hivyo, nakimbilia ubao. "Leo tucheze mbele ya watu!" Kete iko mbele ya macho yako, huioni. Nakufunga, watu wanapiga makofi. Kesho yake wewe uko gizani, mimi natembea na ubingwa wangu.

Miaka yote hiyo nilikujua kabla hujajijua. Ningeweza kukwambia rudi nyumbani, kunywa maji, lala. Sijui kama ingesaidia. Sikujaribu.

Nikimjibu Tumaini kwamba sikumbuki, nabaki bingwa. Usidhani sikuwaza hivyo. Niliwaza mpaka chai ikapoa.

Halafu nikamwambia yote. Miayo, chumvi, shingo, kuku. Akanitazama sana. "Kwa hiyo ulikuwa unamvizia baba?" Nikasema ndiyo. Hakunitukana, na hakuniambia yameisha. Alifungua daftari lake la vipimo vya wateja, akaandika, kisha akauliza kama nimewahi kumwona yeye akiwa hivyo. Nimewahi. Siku ya ile mikono nilipita kumsalimia, akapiga miayo mitatu kabla hajamaliza kusema shikamoo. Nikamtania kwamba mume hakumwacha alale.

Cherehani hajaiuza. Juzi nimemkuta anasugua shingo, anamfokea mteja kwa ajili ya kifungo. Nikasema, "Tumaini, weka mkasi chini." Akanifokea na mimi. Kisha akafunga duka saa tano asubuhi, akaenda kulala. Kichwa kilikuja, sitakudanganya. Lakini hakikumkuta na kitambaa cha mtu mezani, na hakulia kwamba anakuwa kichaa.

Lala salama, Eliamani. Ulistahili rafiki mwenye haya zaidi, ukapata mimi. Nakuahidi, kila asubuhi miguu ikinibeba, nitapita kwa mwanao nimtazame usoni kabla hajaanza kukata. Akinichoka, na ameshaanza kunichoka, nitamwambia ni wewe umenituma. Usije ukanikana.

Zefania