Gunia la Pili

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikufikie huko Eldoret kutoka kwa bibi yako wa Mkokoni. Sisi wazima. Goti la babu yako limetulia, na mbuzi wa mama yako amezaa pacha.

Umeniuliza nani mkweli: mwalimu wenu, anayesema gesi ya kaboni inaongeza joto la dunia, au rafiki yako, anayesema gesi haina moto, joto ni la jua tu.

Mwaka nilioolewa nilipewa kazi ya kuoka mikate ya mofa ya kufuturu. Tulikuwa tukiwasha makaa ndani ya tanuri la udongo, tukibandika mikate ukutani mwake, kisha tukifunika mdomo kwa gunia lililoroweshwa. Siku moja mikate ikaungua yote, na wageni wameshakaa barazani. Nikamwambia wifi yangu Zena, "Wewe umezidisha makaa." Akaapa hakuyagusa. Sikusema naye siku mbili.

Mavyaa wangu, mamake babu yako, ndiye aliyeniuliza, "Na juu ulifunika nini?"

Nilikuwa nimeongeza gunia la pili, mikate iive upesi.

Rafiki yako hakukosea: gesi haina moto, kama gunia lisivyo na moto. Lakini joto lilikosa pa kutokea. Gesi nayo, kwa namna yake, hulidaka joto linalopanda kutoka ardhini na kulirudisha kiasi. Bila ya funiko tungeganda; tukilizidisha wenyewe kwa moshi wetu, tunaungua.

Nilikwenda kumwomba Zena radhi. Makaa yalikuwa yale yale. Gunia nililiweka mimi, kwa mkono wangu.

Bibi yako,
Mwanaisha