Kidole Changu Mwenyewe

Jumamosi, jioni. Joto la Kisumu limenikaba tangu asubuhi, na ile mvua iliyokuwa ikitutisha kutoka upande wa Nandi haikuja. Laiti ingenyesha mapema, mechi ingevunjika na mimi ningekuwa nimelala sasa hivi.

Tumeshindwa. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Ujana wangu wote nilicheza kriketi ya vilabu, hapa na Nairobi. Nilikuwa mpigaji mzuri, ila timu ya taifa haikuniita hata mara moja. Goti lilipogoma nikapewa timu hii niifundishe. Nilidhani nitapumzika. Kumbe kukaa pembeni ukiangalia wengine wakicheza ndiko kunakochosha.

Mwenyekiti wa klabu, Mzee Odongo, hakunificha. Aliniambia tukipoteza mechi ya leo tunashuka daraja, na tukishuka, kamati itatafuta kocha mwingine. Nilicheka alipoondoka. Usiku sikulala.

Sasa, kwenye daraja letu waamuzi hawatoshi, kwa hiyo timu inayopiga ndiyo hutoa watu wa kuamua. Kila mtu anajua maana yake. Mwamuzi wa namna hiyo macho yake huwa mazito kidogo mwenzake anapokosea. Wapinzani hulalamika, kisha zamu yao ikifika wanafanya vilevile, na jioni wote tunakunywa soda pamoja. Mtu wetu wa siku zote, anayetoka Kombewa, ameamka na malaria. Nikavaa koti jeupe la mwamuzi mimi mwenyewe.

Ningemtuma mtu mwingine. Mtu yeyote.

Tulikuwa tumebakisha mikimbio michache tu tushinde. Aliyekuwa akipiga ni Ouma, nahodha wetu, muuza samaki wa Port Victoria anayesafiri kila wikendi kuja kucheza. Alikuwa na bati langu la zamani la kupigia mpira kwa sababu lake lilipasuka. Mpira ukampita, mlinda wiketi akaudaka nyuma yake, na wapinzani wote wakaruka wakinipigia kelele. Mpira ukigusa bati ukadakwa hivyo, mpigaji anatoka.

Nilisikia mguso. Mdogo sana, kama kucha ikikwaruza meza, lakini niliusikia.

Nimewafundisha hawa kwamba ukijua umegusa, unaondoka mwenyewe bila kungoja mwamuzi. Ouma hakuondoka. Alisimama akaniangalia machoni, nami nikamwangalia, na kwa muda ule nilimchukia.

Nikainua kidole, ishara kwamba ametoka.

Waliomfuata walitolewa upesi, na mechi ikaisha. Mzee Odongo alinifuata hadi kando ya uwanja.

"Bwana, hebu niambie, wewe ni coach ya nani?"

 Akaniambia kesho baada ya kanisa nipeleke vitu vyote vya klabu ofisini. Alisema kwa upole, na upole huo ndio umeniuma zaidi.

Ouma alikuja nikiwa navua koti. "Coach, iligusa. Hata mimi nilisikia. Lakini nilijua ni wewe umesimama hapo." Akaondoka.

Nina hasira. Nina hasira na Ouma kwa kunitwisha mzigo uliokuwa wake, na mwenyekiti, na masikio yangu haya. Kuna sehemu yangu inayojivuna pia, na leo siitaki karibu. Mke wangu amenipakulia omena, zimepoa hapa mbele yangu.

Naipenda kazi hii. Sikujua kiasi hicho mpaka nilipoambiwa nirudishe vifaa.

Nimepanga kila kitu kwenye mkoba: pedi, glavu, helmeti, mipira ya mazoezi. Kila kitu cha klabu kipo. Kisha nikatafuta bati langu ili niliweke kando, halipo. Nimepekua mkoba mara ya pili. Halipo. Ouma ameondoka nalo.

Mtu aliyemalizana na kocha wake angelitupa pale nyasini mbele ya watu. Angalau mimi ningefanya hivyo. Mtu anayebeba bati kwenda nalo nyumbani ana mpango wa kuja mazoezini.

Au najidanganya, kwa sababu kesho sitaki kuubeba mkoba huu?