Pangaboi la Mapanga Matatu

Ifakara, wakati wa masika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake hapo hapo kabla hujaendelea, maana najua unamsomea kwa sauti. Mguu wake unaendeleaje, bado unavimba akitoka shambani? Sisi huku tunaamka. Mikaeli anaota meno, halali, na mimi kwa hiyo silali. Agata hajambo. Siku hizi anaongea Kindamba kuliko lugha yetu, mtamsamehe.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba mmesikia ninasimangwa huku kwa ajili ya kifo cha mama mkwe, na kwamba kaka Osmundi atakuja kunichukua mara maji yakipungua. Nimelia niliposoma, sikufichi. Lakini kaka asianze safari. Isome kwanza barua hii yote.

Unajua mume wangu Damiani anaendesha mashua ya tajiri mmoja mnunuzi wa mpunga. Ni mashua ya tanga, pana na nzito, imeletwa kwa lori kutoka pwani. Tanga huku halina kazi kubwa. Mto unapinda kila mara, matete yanaziba upepo, na mkifika mahali pa upepo unakuwa umegeuka. Basi mwaka jana tajiri akanunua mashine ya kufunga nyuma ya mashua. Ilikuja na mapangaboi mawili, yale yanayozunguka majini na kuisukuma. Tajiri akasema, "Damiani, chagua mwenyewe. Mimi najua mpunga."

Damiani akayaleta yote mawili nyumbani, akayalaza mkekani kama samaki wa kuuza. Moja lilikuwa na mapanga mawili tu, membamba, yamelala nyuma ili majani yateleze yasijisokote. La pili lilikuwa na mapanga matatu, mapana kama kiganja chako. Yeye alilitaka lile jembamba.

"Mto huu una majani kuliko samaki," akasema.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia, "Na ukipakia magunia, litasukuma kweli? Baba akitengeneza kasia la mtumbwi mdogo analifanya jembamba. La mashua ya mzigo analifanya pana, wapigaji waende polepole lakini chombo kiende."

Akacheka. "Haya, fundi wa ziwa amesema."

Akalifunga lile pana, na kiangazi chote mashua ilipanda mto na mzigo wake bila shida. Damiani akawa anajisifu kivukoni, mke wangu ndiye aliyechagua, mke wangu mtoto wa fundi wa mashua. Wapakiaji wakawa wanamtania, "Mwenye mashine hajambo huko nyumbani?" Nami nilikuwa nafurahi, baba. Kumbe anawafundisha watu maneno watakayokuja kunisema nayo.

Watu wa huku, wakati wa mpunga, wanahamia mashambani kabisa, mbali bondeni, wanakaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda ndege na nguruwe. Maji yakijaa yanawazunguka huko huko. Mama mkwe alikuwa hivyo. Tulimwita arudi Lumemo kwa binti yake Veronika, akasema ndege hawajui kwamba yeye ni mzee. Siku moja mtu akaja na mtumbwi akasema mama anatapika, hajiwezi. Tukaondoka na mashua asubuhi ile ile, mimi Mikaeli mgongoni, kwa sababu mgonjwa alihitaji mwanamke wa kumshika.

Kwenda tulikwenda vizuri. Mto ulikuwa mkali, lakini mashine ilisukuma tukafika. Shida ilikuwa kurudi. Mafuriko yalikuwa yamekata majani yanayoelea, yamejaa kwenye mfereji tuliopitia, na upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Pangaboi likayasokota. Kuna pini ndogo ya shaba pale inayokatika ili mashine isivunjike, basi ikakatika. Damiani akainua mashine, akakata majani kwa kisu, akatia pini nyingine. Tukaenda kidogo, ikakatika tena. Mama mkwe kichwa chake kilikuwa mapajani pangu. Akafungua macho akasema, "Mwanangu, mashine yako inakula majani kama mbuzi." Damiani akacheka na machozi yanamtoka. Kisha pini zikaisha. Akashika pondo, akasukuma mpaka viganja vikachubuka. Jua lilikuwa bado juu mama alipokata roho. Sikumwambia Damiani mara moja. Nilimwacha asukume mpaka tulipotoka kwenye majani.

Baada ya mazishi Veronika alisimama uani mbele ya ndugu akasema, "Wifi, mama yetu ameuawa na ujuzi wa ziwani." Sikumjibu, mtu amefiwa. Lakini tangu siku ile hali chakula nilichokigusa, na maneno yakaenea mpaka kisimani. Baadaye ndugu wakakaa, wakaona nikapumzike kwetu kwanza, niende na Mikaeli kwa kuwa ananyonya, Agata abaki kwa shangazi yake. Damiani alikuwepo. Alikuwa anatazama viganja vyake.

Halafu akafanya jambo. Akalifungua lile pangaboi pana, akalifunga lile jembamba, akapakia bidhaa za tajiri za kupeleka upande wa Mchombe. Hakuniambia neno. Alirudi kesho yake mzigo ukiwa bado ndani ya mashua, halijashushwa hata gunia moja la chumvi. Nilikuwa jikoni. Akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Pale kwenye kona ya mkondo," akasema, "mashine inalia kwa nguvu zote, na miti ya ukingoni inatupita kwenda mbele. Tunarudi nyuma, Filomena. Tumefunga kamba kwenye mti tusigeuzwe."

Nikasogeza kuni.

"Siku ile tungekuwa na hili, tusingefika kwa mama kabisa. Angefia kwenye dungu, peke yake."

Nikamuuliza, "Hayo umeniambia mimi. Nani mwingine umemwambia?"

"Veronika nikimwambia, atabaki na nini?"

"Atabaki amefiwa na mama, kama wewe ulivyofiwa. Mimi nimechoka kuwa dawa yake. Na Agata habaki hapa bila mimi. Sema mbele yao, au niambie sasa hivi husemi, nijue."

Sikupaza sauti, baba. Mikaeli alikuwa amelala.

Jumapili baada ya misa akawaita nyumbani kwa baba yake mdogo. Akawaeleza kama nilivyokueleza, lile pana linashindwa na majani, lile jembamba linashindwa na mkondo, na aliyelifunga lile pana ni yeye kwa mikono yake. Veronika akamtazama sana. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyekosea?" Nafikiri hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Baba mdogo akasema, "Basi, mama Agata akae na watoto wake." Mambo yakaishia hapo.

Sasa Damiani anabeba yote mawili. Kwenye mkondo anafunga lile pana, akifika mdomo wa mfereji anasimamisha mashua, analibadilisha, na mzigo amepunguza. Anachelewa sana, tajiri ananuna. Veronika bado hali chakula changu. Nikimpelekea unga anaupokea, anajipikia mwenyewe.

Sikudanganyi kwamba nina raha. Moyo ungetaka nije nilale kwa mama hata wiki, mtu mwingine ambebe huyu mtoto. Lakini nikitoka sasa, wote watasema nimekubali kosa, na Agata atakua akiambiwa hivyo. Kwa hiyo kaka afungue mzigo wake, na umwambie nimemshukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Nisalimie yeye na mke wake, na bibi mzaa mama, na shangazi aliyenifunga kitambaa siku ya kuondoka. Mama mwambie ule mguu auinue akilala.

Baba, neno moja la mwisho. Wewe unajua vyombo na maji. Kama ukipima haya niliyoandika ukaona kulikuwa na njia ya kumfikisha yule mama akiwa hai, tafadhali usiniandikie. Veronika hajui kusoma, lakini barua zako zikinifikia, Damiani humsomea. Ningoje mpaka nitakapokuja, uniambie mimi peke yangu.

Ni mimi mwanao,
Filomena, mama Agata