Mfalme Aliyefanana na Baba

Jumamosi, 8 Machi
Hatimaye! Baada ya misumari, vifuniko vya soda na kijiko kimoja, mashine yangu ya kutafutia vyuma imelia kweli kweli — kiwanja cha shule ya zamani, ilipokuwa kantini. Sarafu kuukuu. Upande mmoja kichwa cha mfalme, wa pili umefutika. Sijaisugua. Makumbusho wanataka picha safi kwanza, wakiikubali wanaiweka kwenye kabati la kioo na jina la aliyeiokota chini yake. Jina langu! Mimi mshona mapazia!

Jumapili, 9 Machi
Kumbe kupiga picha sarafu ni shughuli. Flashi inaiunguza yote, nyeupe pe. Nimeilaza juu ya kitambaa cheusi, kaka kashika taa ya mezani. Taa ikiwa juu, uso hakuna. Ikilala pembeni mfalme anaibuka — pua, kidevu, mikunjo ya shingo. Mama akapita na kikombe chake, akasimama.
"Huyo ni baba yenu."
Tulicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia ana taji. Akasema baba alipenda kofia.
Baba hatuna picha yake. Alikuwa akiona kamera anakumbuka ana safari. Picha ya harusi Mama kasimama, baba ni kiwiko. Ya kitambulisho ilifuliwa mfukoni mwa shati.
Mimi sioni wanapofanana. Hata kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Mama amekuwa bosi wa taa. Ikitoka kulia, eti baba amenuna. Ikitoka kushoto, siku ya mshahara. Herufi zinazomzunguka mfalme zinasomeka akinuna tu! Mama kakataa katakata, baba hapelekwi kwa watu akiwa amenuna. Nimewatumia makumbusho ya kutabasamu mbele yake, ya kununa kwa siri. Ya kutabasamu Mama kaisafishisha kubwa, kaitia fremu, iko juu ya redio. Asubuhi nimemkuta kaka anaiamkia. Kaona haya, akajifanya anatafuta stesheni.

Jumatano, 12 Machi
Wamekubali! Mtu wao anakuja Ijumaa kuichukua. Nimerukaruka sebuleni. Mama akauliza, anakuja kumchukua nani?
Kaka akamsihi, picha si anayo. Mama akaweka kikombe chini.
"Kwenye picha anacheka tu. Nani anaweza kuishi na mtu anayecheka tu?"


Ijumaa, 14 Machi
Bwana wa makumbusho yuko sebuleni. Glavu, kiboksi chenye pamba. Mama kavaa gauni la sherehe, kamkalisha chini ya fremu. Kamuuliza baba atalala na nani huko. Maskini, akajibu kwa heshima: na wafalme wengine watatu. Mama akataka kujua kama wana blanketi.
Kisha yule bwana akaniuliza jina langu liandikwe vipi. Mama akanitazama. Nikaomba niione sarafu mara moja kwenye mwanga wa dirisha la jikoni.
Niko jikoni. Mwanga unatoka upande wa kidevu, si kulia, si kushoto. Hajanuna, hacheki. Ana ule uso wa kukumbuka ana safari. Ni baba! Wiki nzima nilikuwa natazama wapi?
Wananiita. Mama haniiti, nasikia kaka na yule bwana tu.
Nimefunga mlango, nimeuzuia kwa kiti.