Nywila ya Jedwali la Wagonjwa

Jumatatu, 3 Machi
Zahanati, Sori. Nimeendesha makro yangu, programu ndogo niliyoiandika, kwenye jedwali la wagonjwa la kompyuta. Majina matatu yamegeuka mekundu: hawakuja kuchukua dawa za kifua kikuu. Nimewapigia wahudumu wa vijijini wawafuate. Kazi ya kila Jumatatu.
Ouma, karani mwenzangu mpya, ameuliza makro inafanyaje kazi. Nimemwambia inafanya tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeifunga makro kwa nywila. Wenzangu wanaweza kuiendesha, maagizo niliyoandika ndani hawawezi kuyaona. Mkubwa wangu wa zamani aliionyesha mkutanoni Migori kama kazi yake. Nilikuwa nimeketi nyuma. Nikapiga makofi na wengine. Sitapiga tena.

Jumapili, 9 Machi
Baba amezidiwa. Naenda nyumbani Ntimaru.

Jumanne, 18 Machi
Baba tulimzika Ijumaa. Sijalia.
Ouma amepiga simu mara tatu, kisha ujumbe. Ameanza kwa pole, akaishia kwa nywila. Eti fomu mpya imeongezwa safu, makro haionyeshi mtu. Ujanja. Sikujibu.

Jumatatu, 24 Machi
Nimerudi kazini. Jedwali lote jeupe.
Ouma alisema kweli. Safu mpya imesukuma tarehe kando, makro inasoma pasipo na kitu. Alijaribu kupitia kadi moja moja kwa mkono, hakumaliza. Mama Otis, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikosa dawa wiki mbili na hakufuatwa. Amelazwa Homa Bay. Anakohoa damu.
Ni mimi.

Jumatano, 26 Machi
Nimekwenda Homa Bay. Mama Otis amekonda sana. Nimemweleza yote, hata ule ujumbe wa Ouma ambao sikuujibu. Alisikiliza akitazama dirishani. Akasema zamani akichelewa siku mbili tu, mtu alibisha mlangoni. Safari hii hakuja mtu.
"Nilidhani mmenichoka, nyathina, mwanangu. Nikaona basi, niache."
Nimelia kwenye korido. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Ijumaa, 28 Machi
Nimeondoa nywila. Nimemwomba Ouma msamaha. Alivuta kiti, akasema tuanze. Tumesoma mstari kwa mstari asubuhi nzima. Amepata kosa langu la siku nyingi: wagonjwa wawili wa jina moja, makro iliwahesabu kama mtu mmoja. Huku kwenye akina Achieng wengi. Imeniuma. Nikamwachia kiti alirekebishe.

Jumatatu, 7 Aprili
Majina mawili mekundu. Ouma ameendesha, mimi nimepiga simu.
Mama Otis ametoka hospitali. Anaanza dawa upya, miezi sita. Mchana nimempelekea vidonge. Amevimeza mbele yangu, akanisogezea kigoda. Omena wa jirani walikuwa wameanikwa juani. Nimekaa naye.