Mikorosho ya Mgeni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku Kurui hatujambo, ila goti la babu yako bado linamsumbua.

Umeuliza kwa nini hatuna shamba. Tulikuwa nalo. Baba yangu alimwazima mgeni alime mihogo. Kwetu aliyeazimwa shamba hapandi mti, maana mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Mgeni akaomba apande mikorosho. Baba akaona haya kumkatalia. Miche ile niliimwagilia mimi, kwa maji ya kubeba kichwani.

Miaka ikapita, wakaja wapima ardhi. "Mikorosho hii kapanda nani?"

Mgeni akajibu, "Mimi."

Baba angebisha nini? Ilikuwa kweli. Shamba likaandikwa la mgeni.

Ukija likizo, mama, usininunulie korosho.

Bibi yako