Iluminada Marasigan na Vichupa Vitatu vya Mwisho

Mama, Jumapili hii mwaka unatimia tangu tulipokulaza kaburini, na baada ya misa tutavua nguo nyeusi kama ilivyo desturi. Kaka Rodel amesema nikuandikie mimi kumbukumbu hii ya gazetini kwa kuwa ndiye niliyekaa nawe zaidi. Nilisoma hadi darasa la sita tu, basi nitaandika nilivyoona.

Miaka kumi na minne ulifanya kazi chuoni, kwenye chumba wanachochunguza tezi za mate: zinavyotoa mate, na kwa nini nyingine huugua zikakauka. Ulianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Baadaye ukawa unapita nyumba hadi nyumba asubuhi, watu hawajala, ukiwaomba wateme kwenye vichupa. Bibi Sepa alikuwa akikungoja mlangoni.

"Iluminada, leo unaniomba mate, kesho utaniomba nini?"

"Meno, bibi. Lakini naona umeshamaliza kuyagawa."

Alicheka mpaka akajitemea kabla hujamfungulia kichupa.

Ulikuwa na huruma. Mtoto akilia baada ya mgeni kumsifu, ambapo kwetu husemwa jicho la mgeni limemdhuru, ulimfuata mgeni barabarani arudi amguse tumbo kwa kidole chenye mate, mtoto apone. Daktari Amparo, mkuu wa chumba chenu, alikutania kwamba una utafiti wako mwenyewe nyumbani.

Na wewe ulikuwa kwenye orodha ya watu wenye afya, ambao mate yao hulinganishwa na ya wagonjwa. Kichupa kimoja kila mwezi wa Juni. Uliionea fahari orodha ile kuliko picha ya harusi yako.

Halafu nikaanza kuona. Tonge moja la wali, funda moja la maji. Biskuti mpaka uichovye. Sikuuliza.

Juni moja ukanijia jikoni na kichupa.

"Marivel, temea hapa."

"Mama! Hiki si chako?"

"Kinywa chako nimekizaa mimi. Tema."

"Si umwambie daktari kwamba chako kimekauka?"

"Ili anitoe kwenye orodha? Acha maneno, samaki anaungua."

Nilitema mpaka kwenye mstari. Ukabandika jina lako. Mwaka uliofuata tena, na mwingine tena.

Uvimbe ulipotokea chini ya sikio, ukasema ni matubwitubwi. Ukaomba ruhusa kazini, ukajipaka buluu ya kufulia na siki kama tunavyowapaka watoto. Mdogo wetu Ditas akakuita jini la buluu, ukamkimbiza na ufagio kuzunguka nyumba. Wiki saba ulijipaka. Daktari Amparo alipokuja kukuangalia, ilikuwa saratani, na imeshashuka shingoni.

Mwezi uliopita alikuja tena. Wamevipima vichupa vyako vya zamani walivyokuwa wamevigandisha kwenye friza.

"Vitatu vya mwisho vina dalili," alimwambia Baba. "Ni ule ugonjwa wa mwili kuzishambulia tezi zake wenyewe. Mara chache huzaa saratani kama ile. Laiti tungevipima mapema."

Baba alilia. Kaka Rodel akasema, "Kumbe mate yake yalikuwa yanasema, sisi hatusikii."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la kahawa. Niliwamiminia.

Mate yale ni yangu, Mama.

Tangu siku ile, kila asubuhi nakula biskuti kavu nione kama itashuka bila maji. Juzi ilishuka. Jana ilikwama. Najipapasa chini ya masikio mpaka pameanza kuuma, na sijui kama panauma kwa ugonjwa au kwa vidole vyangu. Hata picha yako ukutani naipita haraka, nisije nikaona tunavyofanana.

Siandiki haya kukuaibisha. Uliogopa, na sasa naujua woga wenyewe. Labda ningekataa siku ile jikoni, ungekuwepo. Labda usingekuwepo. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Baba, Kaka, Ditas, nisameheni kwamba mnayasoma haya pamoja na majirani. Kwa mdomo nimejaribu mara nne nikashindwa.

Jumatatu nitakwenda kwa Daktari Amparo. Nitamwomba abadilishe jina kwenye vile vichupa vitatu. Kisha atanipa kipya, na nitatema mbele yake, hata kama mate hayatafika kwenye mstari.

Wanaokukumbuka ni mumeo Conrado, wanao Rodel, Marivel na Ditas, mkweo Nenita, Bibi Sepa na majirani wote waliowahi kukutemea, na wenzako wa chumba cha tezi. Hakuna siku itakayokufuta mioyoni mwetu, Mama. Niombee.